Meza ya Umma Haina Sare ya Chama

Mrina asali atokaye Ugalla kwenda Mpanda kutafuta cheti cha kuzaliwa cha mwanawe haendi kupimwa itikadi. Akimkuta mtumishi amevaa sare ya chama, atahofu hata kabla ya kusema shida yake.

Wako wasemao kwamba kumkataza mtumishi kuonyesha siasa yake kazini ni kurudisha ukoloni. Ni kweli, waraka wa serikali wa mwaka 1953 uliwazuia watumishi wasijiunge na vyama vya siasa, na mwaka 1955 Mwalimu Nyerere aliacha kufundisha Pugu ili aitumikie TANU. Lakini mkoloni alikataza ili autawale umma. Sisi twakataza ili umma uhudumiwe sawa.

Tena wasitukumbushe zama za chama kimoja. Tangu mwaka 1992 vyama ni vingi, na mshahara wa mtumishi hutoka katika kodi ya wafuasi wa vyama vyote, na ya wasio na chama.

Itikadi ni haki yake, wala hatumnyang'anyi. Aitetee jioni, aipigie kura. Saa za kazi ni mali ya wananchi.