MAARIFA YA NYUMBANI: Redio ya Gari na Sauti Safi

Magari mengi yanayofika Pajulu, kandokando ya Arua, yalitumika kwanza Japani, nayo huja na redio zilizotengenezwa kwa ajili ya huko. Nyingi katika redio hizo hupokea FM kuanzia namba 76 hadi 90 tu, hali stesheni za Uganda hutangaza kati ya 87.5 na 108. Kwa hiyo mwenye gari hawezi kuisikiliza Radio Pacis ya Arua, iliyoko kwenye 90.9 na 94.5, mpaka fundi aunge kwenye waya wa eriali kifaa cha kushusha mawimbi. Kifaa hicho kikiwa hafifu, mkwaruzo huzidi.

Basi kabla ya kununua chochote, yafaa ubovu utambuliwe. Mwenye gari apige wimbo kutoka kwenye flashi au diski. Ukisikika safi, spika hazina kosa; kosa liko kwenye eriali au kifaa kile. Ukikwaruza vilevile, ndipo spika zichunguzwe.

Askari mwenye mshahara wa mwezi hana budi kupanga. Baba akitamani amplifaya kubwa katika mwezi wa kulipa ada za shule, mama wa nyumba ana haki ya kuuliza. Kwa bahati njema, kazi ya kwanza haihitaji fedha nyingi. Spika hutoa sauti mbele na nyuma. Mlango wenye matundu makubwa huiachia sauti ya nyuma ikutane na ya mbele, zikauana, na sauti nzito ikapotea. Matundu hayo yazibwe, na spika ikazwe barabara. Lakini vitundu vya chini vya kutolea maji visizibwe, mlango usije ukashika kutu.

Kisha nyaya zitazamwe. Spika moja ikiungwa kinyume cha mwenzake, sauti nzito hudhoofika. Kipimo chake ni betri ya tochi ya volti 1.5: ikigusishwa kidogo kwenye spika kubwa, chanya kwa chanya, karatasi ya spika husogea nje. Spika ndogo ya sauti nyembamba isipimwe hivyo.

Karatasi ikiwa imechanika, zinunuliwe spika mpya. Redio nyingi za gari zahitaji spika za omu 4. Mbili za namna hiyo zisiunganishwe sambamba kwenye tundu moja, maana zitakuwa omu 2, na redio yaweza kuungua. Tena maandishi ya wati 50 usoni mwa redio yasimdanganye mtu. Nguvu yake ya kudumu kwa kawaida ni wati 15 hadi 20 kwa kila spika.

Hapo ndipo krosova, yaani kigawa sauti, inapohitajika. Kazi yake ni kumpa kila mmoja mzigo wake: sauti nyembamba kwa spika ndogo, sauti nzito kwa spika kubwa. Iliyo rahisi kabisa ni kapasita moja iliyoungwa kwenye waya wa spika ndogo. Kapasita ya mikrofaradi 10, isiyo na upande wa chanya wala hasi, ikiwa na spika ya omu 4, huanza kuzuia sauti zilizo chini ya mitetemo 4,000 hivi kwa sekunde. Bila kizuizi hicho, spika ndogo hubebeshwa sauti nzito na kuungua upesi.

Amplifaya ingoje mpaka ada zilipwe. Ile itoayo wati 300 hula zaidi ya ampea 25 kutoka betri ya volti 12. Waya wake uwe mnene, na fyuzi iwekwe karibu na betri. La sivyo, waya ukichubuka gari laweza kushika moto.

Mwisho, masikio hayana vipuri. Kelele ya desibeli 85 kwa saa 8 kila siku hudhuru usikivu, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda wa salama kwa nusu. Mtoto aketiye kiti cha nyuma, karibu na spika, hana uwezo wa kuipunguza. Naye dereva asiyesikia king'ora cha gari la wagonjwa huhatarisha watu wengi zaidi ya familia yake.