Msituni, darubini kubwa si darubini bora

Ukiingia katika maduka ya vifaa vya safari mjini Kampala, au ukisimamishwa na mchuuzi kando ya barabara, utakuta darubini za kila aina. Swali la kwanza la mnunuzi ni moja: "Hii inavuta mara ngapi?" Akiambiwa kumi, anataka kumi na mbili. Akiambiwa kumi na mbili, anataka ishirini. Kwa vijana wetu wanaoanza kazi ya kuongoza wageni katika misitu ya Kibale, Bwindi na Budongo, hesabu hiyo inawapotezea fedha na hata kazi yenyewe.

Mimi ni mmoja wa wanaoongoza watazamaji ndege, na msimamo wangu ni huu: msituni, darubini nyepesi inayovuta mara 7 au 8 inaishinda ya mara 10 au 12, hata kama hiyo kubwa umepewa bure.

Kwanza tuelewe namba. Darubini ya macho mawili huandikwa namba mbili, kwa mfano 8x32. Ya kwanza ni idadi ya mara inazovuta, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Ukigawanya ya pili kwa ya kwanza, unapata upana wa mwanga unaofika jichoni. Darubini ya 8x32 inatoa milimita 4, ya 7x35 inatoa milimita 5, na ile ya 10x25 inatoa milimita 2.5 tu.

Juani mboni ya jicho hujibana hadi milimita 2 au 3, kwa hiyo hizo 2.5 zinatosha. Lakini chini ya miti iliyofungamana mboni hupanuka kutafuta mwanga, na darubini isiyoutoa humfanya ndege kuwa kivuli cheusi. Wageni wengi huja Kibale kumtafuta pita wa kifua kijani, ndege anayetembea chini kwenye majani makavu. Wakati wake mzuri ni alfajiri, kuanzia saa kumi na mbili, kabla jua halijapenya. Mgeni anataka kuona hicho kifua cha kijani, si kivuli chake.

Pili ni upana wa eneo unaloliona. Darubini nyingi za mara 8 huonyesha upana wa mita 130 hadi 140 kwa umbali wa mita 1,000. Nyingi za mara 10 huonyesha mita 105 hadi 115. Kwa mti ulio mita 20 kutoka hapo uliposimama, hiyo ni takriban mita 2.7 dhidi ya 2.2. Ukizidisha kwa pande zote, ile ya mara 8 inakupa karibu mara moja na nusu ya eneo la kutafutia. Ndege wa msituni hakai tawi moja akakusubiri. Huku unamtafuta ndani ya tundu jembamba, yeye ameshahama.

Tatu ni mtikisiko. Darubini haivuti ndege peke yake, inavuta na mtetemo wa mikono yako. Mtu aliyepanda mteremko wa Bwindi akihema, akainua darubini ya kilo moja kutazama vilele vya miti, atauona msitu mzima unacheza ngoma. Ya 8x32 huwa na uzito wa kama nusu kilo, na shingo itaibeba kutwa bila kulalamika.

Nne, kadiri darubini inavyovuta zaidi, ndivyo inavyoonyesha safu nyembamba tu kwa usafi. Jani la mbele linakuwa ukungu, shina la nyuma linakuwa ukungu, na wewe kila mara unazungusha gurudumu la katikati. Ile ya nguvu ndogo inaonyesha jani, ndege na shina kwa pamoja.

Haya si mageni kwa wawindaji. Hapa Uganda kuwinda bila kibali ni kosa, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 imeweka adhabu kali. Lakini kwenye misitu ya mashariki mwa Marekani, ambako uwindaji wa paa kwa leseni ni jambo la kawaida, wawindaji wengi huchagua darubini nyepesi za mara 6 hadi 8. Mwindaji wa porini haoni mnyama mzima. Anatafuta sikio, ncha ya pembe, au mstari wa mgongo kati ya vigogo. Tena hutumia darubini kuhakikisha kilicho mbele yake ni mnyama na si binadamu, badala ya kukielekezea bunduki ili akitazame. Askari wetu wa wanyamapori anayenyemelea kambi ya majangili ana mahitaji hayo hayo.

Najua wapo watakaosema wageni wengi kutoka Ulaya huja na 10x42. Ni kweli, na mahali pa wazi zina kazi yake. Kwenye kinamasi cha Mabamba unapomtafuta ndege korongo-nyangumi kwa mbali, au kwenye mbuga za Murchison, mara 10 zinasaidia. Lakini mgeni hutazama ndege aliyekwisha kuonyeshwa. Kiongozi ndiye anayepaswa kumpata kwanza, na kumpata ni kazi ya macho mapana.

Wala sisemi kila darubini ndogo inafaa. Zile za kuingia mfukoni, kama 8x21, ni nyepesi lakini giza la msitu linazishinda. Ninazozitetea ni za kioo cha milimita 30 hadi 35.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kabla ya kulipa, fanya mambo matatu. Chukua rula upime kioo cha mbele. Kama imeandikwa 30x60, kioo lazima kiwe na upana wa sentimita 6. Kikiwa sentimita 2 na nusu, namba hiyo ni uongo. Kisha ishike mbali na uso ukiielekeza kwenye anga, lakini si kwenye jua, utazame vitundu vya mwanga nyuma yake. Viwe mviringo safi. Vikiwa na kingo za kijivu, vioo vya ndani ni hafifu. Mwisho uliza kama imezibwa isipitishe maji. Misitu yetu ni ya mvua, na unyevu ukishaingia ndani huzaa ukungu usiofutika kwa kitambaa.

Kwa wafadhili na viongozi wa wilaya wanaovinunulia vikundi vya vijana vifaa, nina ombi. Katika zabuni zenu msiandike tu "darubini zenye nguvu". Andikeni uzito, upana wa kuona, upana wa kioo na kuzibwa dhidi ya maji. Kisha waiteni wanaozitumia wazijaribu chini ya miti, si kwenye veranda ya ofisi mchana wa jua.

Uganda ina zaidi ya aina 1,000 za ndege, na watu wanavuka bahari kuja kuwaona. Kijana wa kijijini mwenye sikio zuri na darubini inayofaa anaweza kulisha familia kwa msitu uliosimama. Tusimnyime riziki hiyo kwa kumpa chombo kizito ambacho sifa yake pekee ni namba kubwa.