Wimbo Mmoja, Maneno Mawili: Juu ya Kanda za Let It Be

Kuna mahali katika The Long and Winding Road, wimbo wa Beatles, ambapo Paul McCartney anamtajia mpenzi wake njia nyingi alizojaribu. Katika albamu Let It Be ya Mei 1970 anamwambia kwamba hatazijua kamwe. Katika Let It Be... Naked, iliyotoka Novemba 2003, anamwambia kwamba amezijua siku zote. Mwimbaji ni yule yule, tuni ni ile ile, na kati ya rekodi hizo mbili kuna siku tano tu: moja ni ya tarehe 26 Januari 1969, nyingine ya tarehe 31. Mara ya kwanza nilirudisha nyuma mara nne, nikidhani Kiingereza changu cha shule kimenidanganya. Hakikunidanganya.

Wenzangu wa idara huniuliza: wewe mtu wa lugha za Kiafrika, vijana wa Liverpool wanakuhusu nini? Basi tazameni wenyewe. Ukanushi umegeuka uyakinishi. Wakati ujao umegeuka hali timilifu. Mpenzi asiyejua kitu amegeuka mpenzi aliyejua yote na akaondoka vilevile, na kwa masikio yangu huyo wa pili anaumiza zaidi. Kama mzee wa kijijini angetusimulia hadithi mara mbili kwa tofauti ya namna hiyo, tungeandika kurasa kumi juu yake. Shabiki wa roki, yeye, anauliza swali moja tu: ipi ndiyo ya kweli?

Swali hilo ndilo ninalolipinga hapa. Nimelisikia kwa marafiki zangu wachache wanaopenda muziki huu, na nakiri nimeliuliza mimi mwenyewe kwa miaka. Wanaouza diski wanalijua vizuri, kwa maana kila baada ya muda wanatuletea “kweli” mpya na sisi tunainunua.

Kwa wasiojua habari yenyewe, nitaisema kwa ufupi. Januari 1969 Beatles waliamua kurekodi bila kuongeza sauti juu ya sauti: wapige pamoja, kinachotoka ndicho hicho. Walianza katika studio ya filamu ya Twickenham, wakahamia kwenye ghorofa ya chini ya ofisi yao, Savile Row namba 3, London, na tarehe 30 wakapanda juu ya paa la jengo hilo hilo na kupiga mchana watu wakiwa kazini. Kazi ya kutengeneza albamu kutokana na rundo lile la kanda alipewa fundi Glyn Johns. Aliichanganya mara ya kwanza Mei 1969, akairudia Januari 1970. Zote mbili zilikataliwa. Ndipo kanda zikafika kwa Phil Spector, Mmarekani, naye tarehe 1 Aprili 1970 akaleta okestra na kwaya juu ya wimbo ule ule niliouanza nao. McCartney alilalamika kwa barua mwezi huo huo, lakini albamu ilitoka na fidla zake.

Tangu hapo mashabiki wamegawanyika kama makanisa. Wako wa Spector, wako wa Johns, na tangu 2003 wako wa Naked, ambao huwa na uhakika kuliko wengine wote.

Nianze na hao. Naked ilitangazwa kuwa albamu iliyovuliwa nguo: hakuna fidla, hakuna kwaya, hakuna maneno ya mzaha kati ya nyimbo, ni bendi peke yake kama ilivyokusudiwa. Nguo walizivua kweli. Lakini sikilizeni Don't Let Me Down na I've Got a Feeling humo ndani. Kila mmoja ulipigwa mara mbili juu ya paa, na kile tunachopewa ni vipande vya mara zote mbili vilivyoshonwa kwa kompyuta mpaka mshono hauonekani. John Lennon akisahau maneno, wanachukua maneno ya mara nyingine. Utendaji huo haukuwahi kutokea mbele ya mtu yeyote, si London, si kwingineko. Mimi sina ugomvi na fundi wa kushona. Ugomvi wangu ni na jina: uchi gani huu wenye viraka?

Watu wa Spector wasifurahi mapema. Mwishoni mwa Get Back katika albamu ya 1970, tunamsikia Lennon akishukuru na kutania kana kwamba bendi ilikuwa inaomba kazi. Maneno hayo aliyasema juu ya paa tarehe 30. Wimbo unaoyatangulia ulirekodiwa ndani, tarehe 27. Spector ameyagandisha pamoja, na mamilioni ya watu wamekua wakiamini kwamba wamesikia wimbo wa paani. Fidla za Spector angalau zinajitangaza. Hakuna mtu mwenye akili atakayedhani George Harrison ameficha okestra nyuma ya gitaa lake. Gundi ile ya mwisho wa Get Back ndiyo uongo wenyewe, na ni uongo wa upole, unaopendeza. Ndiyo maana umedumu.

Wimbo wa Across the Universe nao una kisa chake. Ulirekodiwa Februari 1968. Mara ya kwanza ulitoka katika albamu ya hisani ya Desemba 1969, umeharakishwa, na sauti za ndege zimewekwa juu. Spector akaupunguza mwendo na kuupa kwaya. Naked ikaurudisha kwenye mwendo wake. Lennon aliimba mara moja, na sisi tuna sauti zake tatu: nyembamba, nzito na ya katikati. Mwalimu wetu wa fonetiki angefurahi.

Sasa Johns. Mchanganyo wake wa 1969 ulitolewa rasmi Oktoba 2021 tu, ndani ya sanduku kubwa la kumbukumbu. Kabla ya hapo tuliujua kwa njia ya diski za magendo, ambazo zilianza kuzunguka mapema sana, kabla hata albamu yenyewe haijatoka. Huo ndio niupendao, na sitaficha. Unaanza na One After 909, wimbo waliotunga wakiwa vijana wadogo wa Liverpool. I've Got a Feeling unaporomoka kabla ya mwisho na Lennon anakiri kwamba yeye ndiye aliyeuharibu. McCartney anapojaribu Teddy Boy, wimbo wake ambao haujaiva, Lennon anaanza kumzomea kwa mzaha kama mtu anayeongoza ngoma ya kijijini huko Marekani. Wimbo unakufa pale pale, na unasikia kabisa kwamba mwenzake hautaki. Kurasa mia za wanahistoria juu ya kuvunjika kwa bendi hii hazijanieleza kitu kwa uwazi kama ile dakika.

Rafiki yangu mmoja, ambaye ni mtu wa Spector kwa kuzaliwa, hunijibu: lakini wenyewe waliukataa! Wewe ni nani kupenda kile ambacho watunzi walikitupa? Hoja hiyo ni nzito, na katika somo la uhakiki wa matini tumeisoma kwa jina la nia ya mtunzi. Nauliza tu: mtunzi yupi? McCartney alichukizwa na kazi ya Spector kiasi kwamba alipokwenda mahakamani mwisho wa 1970 kuvunja ushirika wao, jambo la wimbo ule lilikuwa miongoni mwa malalamiko. Lennon alimtetea Spector hadharani, na akaendelea kufanya kazi naye. Harrison vilevile alimchukua kwa albamu yake kubwa ya mwaka ule ule. Nia ya mtunzi ni fimbo nzuri pale mtunzi akiwa mmoja na amekufa. Wakiwa wanne na wamegombana, ni fimbo ya yule aliyeishi muda mrefu zaidi.

Hapa nyumbani tuna mfano bora kuliko yote ya London. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya Elisabethville kwa Kiswahili cha mji huu, kwa mashine ya kuchapa, bila kufuata tahajia ya shule yoyote. Johannes Fabian alipokitoa kitabu hicho mwaka 1990 angeweza kukisafisha: kugawa maneno upya, kuondoa marudio, kukivalisha sanifu. Angeweza pia kutuachia karatasi zile peke yake, nasi tukahangaika. Aliweka matini kama yalivyochapwa, kando yake akaweka usomaji wa Kalundi Mango, aliyeyasoma kwa sauti ili Kiswahili cha kusemwa kirudi, kisha tafsiri. Msomaji anaona kila mkono na kazi yake. Mkono wa Yav hauchanganyiki na mkono wa Fabian. Hicho ndicho ninachokitaka kwa Let It Be na kwa kila kanda ya bendi iliyolala kabatini: toeni yote mnayoruhusiwa kutoa, shoneni mpendavyo, lakini andikeni kwenye jalada tarehe, mahali, na wapi mkasi ulipita. Ufidla wa Spector utabaki mzuri kwa wanaoupenda. Naked pia itabaki albamu safi ya kusikiliza ukiwa na wageni.

Niliposema “mnayoruhusiwa” sikuandika kwa mapambo. Filamu ya Peter Jackson ya Novemba 2021 imenichanganya, na sijamaliza kubishana nayo. Alikuwa na karibu saa 60 za picha na zaidi ya saa 150 za sauti, na mashine iliyofundishwa kutenganisha sauti moja na nyingine. Jackson mwenyewe amesimulia kwamba Beatles, walipotaka kuzungumza faragha mbele ya kamera, walikuwa wakigonga-gonga magitaa yao kwa sauti kubwa ili maikrofoni isikamate kitu. Mashine iliyaondoa magitaa. Tena kuna mazungumzo ya Lennon na McCartney juu ya Harrison, ambaye alikuwa ametoka kuiacha bendi tarehe 10 Januari; yalinaswa na maikrofoni iliyofichwa kwenye chungu cha maua mezani.

Nikiwa shabiki, niliyasikiliza nikiwa nimeshika pumzi. Nikiwa mwanafunzi wa isimu, nilijua kwamba kama ningewaletea walimu wetu data iliyokusanywa kwa chungu cha maua, wangeniuliza ruhusa iko wapi, na tasnifu ingeishia hapo. Watu wanaoimba vibaya mbele ya maikrofoni waliyoiona wamekubali, angalau nusu, kwamba kosa lao litabaki. Watu wanaopiga gitaa ili wasisikike wamesema hapana kwa lugha iliyo wazi kabisa. Warithi na waliobaki waliruhusu filamu, hilo ni kweli. Lennon hayupo kuulizwa. Napenda kanda chafu, lakini ile ya chunguni ningeiacha chunguni.

Mtaona ninapigania makosa ya watu wengine kwa nguvu nyingi. Iko sababu. Miaka mitatu iliyopita nilimrekodi nkambo wangu kwa simu, hadithi moja ndefu ya uhamaji wa ukoo wetu. Alikohoa sana, alisimama kunywa maji, shangazi alimkatiza mara mbili. Mahali fulani alitaja jina la mto, akanyamaza, akasema hapana, akataja mwingine, akaendelea. Simu yangu ilikuwa imejaa. Nilikaa usiku mmoja nikakata kikohozi, nikakata maji, nikamkata shangazi, na ule mto wa kwanza nikaukata pia, kwa sababu ulikuwa kosa na mwenyewe alilisahihisha. Nilihifadhi faili safi na kufuta ile ya mwanzo ili nipate nafasi.

Nkambo alifariki mwaka uliofuata. Mwaka huu, katika mazishi mengine, ndugu wa upande wa pili wa ukoo walisimulia hadithi ile ile, na wao wanapita kwenye mto mwingine. Huenda ni ule alioutaja kwanza. Huenda alikuwa anazijua njia zote mbili na akachagua moja kwa sababu shangazi alikuwa ameketi pale. Nilimuuliza shangazi, anakumbuka kikohozi, mto haukumbuki. Faili yangu ina dakika 19, sauti ni safi, na mahali pale nkambo anataja mto mmoja bila kusita hata kidogo.