Mtaalamu wa lishe naye afunzwe kufundisha

Mwalimu wa shule ya msingi hukabidhiwa darasa baada ya kusomea ualimu na kusajiliwa na TSC. Mtaalamu wa lishe, ambaye taaluma yake ina sheria tangu mwaka 2007, aghalabu huingia ukumbi wa mihadhara kwa nguvu ya shahada zake tu. Nani amuulizaye iwapo amewahi kuandaa somo au kutunga mtihani?

Nami katika isimu nilianza vivyo hivyo: nilisoma makaratasi yangu, wanafunzi wakanakili. Kujua si kufundisha. Mwanafunzi akariripo orodha ya vitamini asijue kumshauri mama mwenye mtoto wa utapiamlo, atahitimu. Hasara itamwangukia mtoto. Vyuo vikuu na viwafunze wahadhiri wapya ualimu kwanza.