Uhamaji, utandawazi na ajira mkoani Morogoro

Uhamaji wa watu na biashara ya kimataifa vimeathiri ajira za mkoa wa Morogoro, mashariki mwa Tanzania, kwa zaidi ya miaka 100. Bei zinazoamuliwa nje ya nchi zilileta maelfu ya wafanyakazi, kisha zikawanyima kazi. Ukali wa pigo hilo ulitegemea sana jambo moja: kama mtu alikuwa na shamba la kurudia au la.

Enzi ya mkonge

Mkonge, mmea wenye asili ya Meksiko, uliingizwa katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani na Richard Hindorf mwaka 1893. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, na mashamba makubwa yakaenea kandokando yake.

Waluguru, wenyeji wa milima ya Uluguru, wengi wao hawakuvutiwa na kazi ya mkataba ya kukata mkonge. Ardhi ya ukoo, inayorithiwa kwa upande wa mama, iliwapa chakula na mazao ya kuuza. Kwa hiyo waajiri walitafuta watu mbali, kwa mfano Kigoma, Msumbiji na Ruanda-Urundi. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi ya pamoja ya kuajiri, iliyojulikana kama SILABU. Vibarua hao waliitwa manamba kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Siku za kazi zilitiwa alama kwenye kipande, na mshahara ulilipwa baada ya kutimiza siku 30.

Kuporomoka kwa mkonge na viwanda

Mwaka 1964 nchi ilizalisha takriban tani 230,000 za katani na kuongoza duniani. Baadaye kamba za plastiki, zinazotokana na mafuta ya petroli, zilishusha bei. Sababu za ndani zilichangia pia: baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 serikali ilitaifisha mashamba mengi, na uwekezaji ukapungua. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa takriban tani 20,000 tu. Manamba waliobaki mkoani bila ardhi ya ukoo walipoteza mshahara na pia sababu iliyowaleta.

Mji wa Morogoro nao ulijengewa viwanda vya umma. Kiwanda cha viatu, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilikusudiwa kuuza sehemu kubwa ya viatu vyake Ulaya. Kilitumia sehemu ndogo sana ya uwezo wake, hakikufikia soko hilo, na kilifungwa mwaka 1990. Katika miaka hiyohiyo ya kulegeza masharti ya biashara, mitumba na bidhaa za nje zilijaa sokoni.

Hali ya sasa

Leo mwelekeo wa uhamaji umebadilika. Vijana wengi wa milimani hushuka kwenda mjini Morogoro au Dar es Salaam kuuza matunda, mboga na nguo, au kuendesha bodaboda. Tangu Juni 2024 treni ya umeme inaunganisha miji hiyo miwili kwa muda usiozidi saa mbili hivi. Inarahisisha safari ya mfanyabiashara, lakini bidhaa za viwanda vya mbali nazo hupata njia fupi.

Wakulima wa Uluguru hulima pia pilipili manga, mdalasini, iliki na karafuu. Mazao hayo huleta fedha, ila bei yake hufuata soko la dunia. Baada ya mwaka 2015 bei ya pilipili manga ilishuka sana, hasa kwa sababu Vietnam, mzalishaji mkubwa kuliko wote, ilikuwa imepanua mashamba yake. Mkulima wa Kinole hawezi kuzuia jambo hilo. Anachoweza ni kuchanganya viungo na ndizi, mihogo na mpunga, ili bei ikianguka nyumba isikose chakula.

Kinga hiyo, iliyowapa Waluguru uhuru wa kukataa kazi ya manamba, inapungua. Watu wameongezeka, mashamba yamegawanywa vipande vidogo, na miteremko mikali hupoteza rutuba. Kijana anayeshuka mjini bila shamba la kurudia yuko karibu zaidi na hali ya manamba kuliko ya babu yake: akikosa soko, hana pa kuegemea.