Sinema Bora ya Vita

Nikiulizwa ni sinema gani ya vita ipitayo zote, sisiti: ni "Lion of the Desert" ya mwaka 1981, kazi ya Moustapha Akkad. Anthony Quinn ndiye Omar Mukhtar, mwalimu wa chuoni aliyepigana na Wataliani huko Libya hata wakamnyonga mwaka 1931. Utamu wake si mizinga. Ni pale mzee anapokataa kumuua afisa kijana aliyetekwa, akamwacha aende zake. Hata vita vina adabu.

Lakini tukivuka Likoni tukashika njia ya Gazi, twamkumbuka Mbaruk bin Rashid, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896. Wake nani atamtolea sinema? Tukiwangoja wageni, tutangoja sana.