Mtihani Tunaufanya Mgumu Wenyewe

Wakutanishe watu wanne waliorudi nyumbani kutoka nchi nne, uwaulize habari za shule. Hawataachana bila kubishana mtihani wa nani ulikuwa mgumu zaidi. Aliyetoka Uganda atasifu karatasi za kule, aliyetoka Tanzania atakukumbusha kidato cha nne, wa Burundi naye ana lake. Sisi tuliosomea Zaire tutaapa kwamba hakuna kinachofikia mtihani wa Serikali wa huko. Jambo moja tu wote wataliafiki: watoto wa siku hizi wanapewa mtihani mwepesi, na anayeanguka ni mvivu.

Ndugu msomaji, mimi ni mwalimu huku Bugeshi, na kauli hiyo siikubali. Wala sikubaliani na upande wa pili, yaani wanafunzi wanaosema mtihani wa taifa ni mlima usiopandika. Ukweli ni kwamba mtihani wenyewe una ugumu wa kawaida. Uzito unaowaangusha watoto wengi huongezwa nyumbani, njiani na darasani kabla Julai haijafika.

Tuanze na takwimu. Mwaka 2024 walifaulu asilimia 93.8 ya watahiniwa wa kidato cha tatu nchini. Mwaka 2025 wakafaulu asilimia 64.35. Asiyefuatilia angedhani watoto wamepumbaa wote kwa mpigo. Sababu kubwa ni kwamba kigezo cha kufaulu kilipandishwa, mwanafunzi akatakiwa kufikisha nusu ya alama. Naiunga mkono hatua hiyo, maana cheti cha bure hakimsaidii mtu. Ila inatufundisha kwamba idadi ya walioanguka, peke yake, haikuambii mtihani ulikuwa mgumu kiasi gani.

Waliotoka Tanzania wanalijua hili. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa wamepata sifuri. Nchi nzima ikashituka. Mei mwaka huohuo Serikali ikayafuta matokeo hayo na kuagiza yapangwe upya, na maelfu waliokuwa wameanguka wakahesabiwa wamefaulu. Karatasi zilikuwa zilezile na majibu yaleyale.

Basi mzigo halisi uko wapi? Kwanza ni lugha. Mtahiniwa wa kidato cha tatu hufanya masomo tisa. Ukiondoa Kinyarwanda, manane yote huulizwa kwa Kiingereza, lugha ambayo mtoto wa Bugeshi haisikii nyumbani, shambani wala sokoni. Hapa watu huongea Kinyarwanda, na ukishuka mpakani ni Kiswahili. Sisi walimu wa rika langu nasi tulisoma kwa Kifaransa. Uamuzi wa kufundisha kwa Kiingereza ulipotoka Oktoba 2008, mwaka uliofuata tulisimama darasani na lugha tuliyokuwa tunajifunza jioni.

Matokeo yake ni haya. Mtoto anayemsaidia mama yake mpakani hubadili faranga za Rwanda kuwa za Kongo, na za Kongo kuwa dola, bila kalamu wala kikokotoo. Mpe swali la uwiano kwenye karatasi, hesabu ileile ya kila siku, aone maneno matatu asiyoyajua, anaganda. Ukimsomea kwa lugha yake anajibu kabla hujamaliza. Huyo huwezi kumwita mjinga wa hesabu.

Pili ni muda. Mavuno ya viazi ya msimu wa pili hukaribiana na wiki za marudio. Ni msimu wa pesa, na mikono ya mtoto ni rahisi kuliko ya kibarua. Leo anabaki kuchimba, kesho anabeba gunia kuelekea Kabuhanga, keshokutwa anamlinda mdogo wake ili mama awahi mpaka. Siku mbili kwa wiki tangu Mei hadi mitihani ni zaidi ya siku kumi na tano za masomo. Hakuna mwanafunzi anayeweza kuzifidia kwa kukesha.

Naelewa kwamba mama wa mpakani hafanyi hivyo kwa ukatili. Mpaka ukifungwa, kama tulivyoona mwaka 2020 wakati wa korona, nyumba inalala njaa. Watoto wetu wameyaona pia matetemeko baada ya Nyiragongo kulipuka Mei 2021, na milio ya mizinga Goma ilipotekwa Januari 2025. Wanaingia chumba cha mtihani wakiwa na hayo yote kichwani. Kwa hiyo anayesema watoto hawa wamedekezwa, na aje aishi huku.

Tatu ni hofu, na hii hatuwezi kuisingizia mipaka wala volkano. Tunamwambia mtoto kila siku: ukianguka umetuaibisha. Tunamtajia jirani aliyepata shule ya bweni. Tunamkumbusha tulivyosoma ugenini bila viatu. Tunadhani tunampa moyo, kumbe tunamvunja. Mwanafunzi anayeumwa tumbo au kichwa kila asubuhi ya mazoezi ya mtihani hajarogwa. Amejaa woga, na mwenye woga husahau hata anachokijua.

Ushauri wangu ni wa kawaida na hauna gharama kubwa. Mwanafunzi asikeshe, ubongo hupanga yaliyosomwa wakati wa usingizi. Afanye karatasi za miaka iliyopita kwa saa, kama siku yenyewe, ili mtihani usiwe mgeni kwake. Akipewa karatasi, asome maswali yote, avute pumzi polepole mara kadhaa, aanze na analolijua. Kila wiki ajifunze yale maneno ya Kiingereza yanayotumika kuuliza maswali: eleza, linganisha, kokotoa, toa sababu. Hayo hayazidi thelathini, nayo hurudi kila mwaka.

Nanyi wazazi msioenda shule, msiseme hamna la kusaidia. Jioni mkimenya viazi, mwambie akufundishe somo la leo kwa Kinyarwanda au kwa Kiswahili. Akishindwa kukueleza wewe, atajua hajaelewa. Akiweza, amerudia somo lake na amepata mtu wa kuzungumza naye, dawa nzuri kwa woga.

Matokeo yakitoka, tuseme ukweli wote. Alama za chini katika kidato cha tatu huumiza, lakini hazifungi maisha. Zipo shule za ufundi, upo uwezekano wa kurudia. Kinachofunga mlango ni wiki ile ya matusi baada ya matokeo, mtoto anapoamua mwenyewe kwamba mahali pake ni kubeba mizigo mpakani. Nimewaona wakienda, na wengi wao hawakurudi darasani.

Ombi langu kwa wafanyabiashara wa Kabuhanga na wa Gisenyi ni moja. Kuanzia Mei hadi mtihani wa mwisho wa Julai, mtoto wa kidato cha tatu au cha sita asionekane na gunia mpakani siku ya shule, awe wako au wa jirani. Ukimkuta, usimpe mzigo. Mrudishe darasani. Akiisha kufanya mtihani huku ametimiziwa siku zake, usingizi wake na amani yake, hapo ndipo tutakuwa na haki ya kubishana kama mtihani ulikuwa mgumu au mwepesi.